Simu ya biashara kupitia intaneti: nani ahamie sasa na nani asubiri

Msikilizaji, ukipiga huduma kwa wateja ya benki au ya mtandao wako wa simu, sauti iliyorekodiwa inakupokea: kwa Kiswahili bonyeza moja, kuongea na mhudumu bonyeza sifuri. Namba uliyopiga ni moja tu, lakini wanaopokea wanaweza kuwa kumi au mia, na wengine wamekaa mji mwingine kabisa. Siku hizi mifumo mingi ya namna hiyo haitegemei tena nyaya za simu za zamani. Inapita kwenye intaneti.

Katika kipindi chetu cha biashara tumekuwa tukipata maswali kuhusu simu hizi kutoka kwa wenye mashine za kukoboa mpunga, viongozi wa AMCOS za kakao na wenye nyumba za wageni kandokando ya ziwa. Wanauliza: je, na sisi huku Mwaya, Ipinda na Matema zinatufaa? Jibu fupi ni kwamba wapo zinaowafaa sana na wapo ambao watatupa fedha bure. Makala hii inaeleza tofauti yao.

Kwanza: namba ya biashara yako ni ya nani?

Kabla ya kuzungumzia mitambo, jiulize swali hili. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mchele ambaye ana mashine Mwaya, stoo Ipinda na duka Kyela mjini. Kwenye magunia yake ameandika namba ya simu. Wateja wa Mbeya, Tunduma na Dar es Salaam wanaijua namba hiyo kuliko wanavyolijua jina lake.

Laini ya namba hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole za nani? Mara nyingi ni za kijana aliyekuwa anapokea simu siku biashara ilipoanza. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwaka 2020, laini ni mali ya yule ambaye kitambulisho chake cha NIDA kimetumika. Kijana huyo akiondoka, anaondoka na namba. Na namba ikiondoka, mteja wa Dar es Salaam akipiga kuulizia tani mbili za mchele, anayepokea ni mtu ambaye kesho anafungua stoo yake mwenyewe.

Wengine wanakwepa hilo kwa kutembea na simu nne: ya Vodacom, ya Airtel, ya Yas na ya Halotel. Moja imezima chaji, nyingine imeachwa kwenye bodaboda, ya tatu inaita wakati mwenyewe yuko shambani. Mteja anayepiga mara mbili bila kupokelewa hapigi mara ya tatu. Anampigia jirani yako. Hasara hiyo huwezi kuiona kwenye daftari, kwa sababu mteja ambaye hakupokelewa hajaandikwa popote.

Simu ya intaneti ni nini?

Simu ya mezani ya zamani ilisafirisha sauti kama mkondo wa umeme kwenye waya wa shaba, kutoka kwako hadi kituo cha simu. Mkiongea, njia ile yote ilikuwa yenu wawili mpaka mmoja akate.

Simu ya intaneti inafanya kazi tofauti. Sauti yako inageuzwa kuwa namba, namba zinakatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinasafiri kwenye intaneti pamoja na picha, ujumbe na miamala ya watu wengine. Kikifika upande wa pili, vipande vinaunganishwa na kuwa sauti tena. Yote haya hutokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Wataalamu wanaitaja teknolojia hii kwa herufi nne: VoIP.

Kama umewahi kupiga simu kwa WhatsApp, basi umekwishaitumia. Ila kuna tofauti moja kubwa. WhatsApp inampigia mwenye WhatsApp mwenzake tu. Haiwezi kumwitia bibi mwenye kitochi kule Ikombe. Mfumo wa simu za biashara kupitia intaneti umeunganishwa na mitandao ya kawaida. Unapewa namba kamili ya simu, na mtu yeyote anaweza kuipiga, hata mwenye kitochi na hata asiye na bando. Intaneti inahitajika upande wako wewe unayepokea. Mteja anapiga kama kawaida.

Upande wako unaweza kupokelea kwenye simu ya mezani maalumu iliyochomekwa kwenye ruta, kwenye kompyuta, au kwenye programu ndani ya simu janja. Katikati pana "ubongo" wa mfumo, yaani swichibodi. Zamani swichibodi ilikuwa sanduku zima ukutani, na dada wa mapokezi aliyeunganisha simu. Sasa ni programu. Inaweza kukaa kwenye kompyuta ndogo ofisini kwako, au kwenye seva za kampuni inayokuuzia huduma. Ipo hata programu ya bure ya swichibodi iitwayo Asterisk, iliyoandikwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, ambayo mafundi wengi duniani wanaitumia mpaka leo.

Sababu za kuhama

Sababu ya kwanza tumeshaigusa: namba inabaki kwa biashara. Inasajiliwa kwa jina la kampuni, chama au taasisi. Mfanyakazi akiondoka, unafuta jina lake kwenye mfumo na simu zinaendelea kumfikia aliyechukua nafasi yake. Namba iliyo kwenye gunia haibadiliki.

Sababu ya pili: namba moja, wapokeaji wengi. Unaweza kuupanga mfumo uite kwanza dukani Kyela mjini. Baada ya sekunde ishirini bila kupokelewa, uite stoo ya Ipinda, kisha simu ya mkononi ya meneja. Watu watatu wanaweza kupiga kwa wakati mmoja na wote wakapokelewa. Kwa laini ya kawaida, wa pili na wa tatu wangesikia namba inatumika. Msimu wa mavuno, simu zinapokuja mfululizo, hapo ndipo utaona faida.

Sababu ya tatu: matawi yanaongea bila gharama ya dakika. Mashine ya Mwaya ikimpigia mhasibu wa Kyela mjini, simu haitoki kwenda mtandao wa nje. Inapita kwenye intaneti mliyokwisha kuilipia. Kama mnapigiana mara thelathini kwa siku kuulizana magunia na lori limefika wapi, hapo akiba ipo. Mvua za Machi hadi Mei zinapoharibu barabara zetu za udongo, mawasiliano haya ndiyo yanayoamua lori litoke au lilale.

Sababu ya nne: kumbukumbu. Mfumo unaandika kila simu iliyoingia, saa, dakika, nani alipokea na ipi haikupokelewa. Asubuhi unafungua orodha ya simu zilizokosa mpokeaji na kuanza kuwapigia. Kwa chama cha ushirika jambo hili ni zito zaidi. Mkulima wa kakao anapolalamika kwamba alipiga kuulizia malipo yake na hakujibiwa, kumbukumbu zinaonyesha ukweli uko upande gani. Zinamlinda mkulima, na zinamlinda pia karani.

Sababu ya tano: wateja wa mbali. Anayefanya biashara na Karonga au Lilongwe anajua namba za +265 zinavyokula salio. Ukiwa na wakala wa kudumu upande wa Malawi, unaweza kumpa programu ya mfumo wako kwenye simu janja yake, naye akawa kama tawi jingine. Mtazungumza kupitia intaneti. Vivyo hivyo mwenye nyumba ya wageni Matema anaweza kumweka mtu wa kupokea maombi ya vyumba akiwa Mbeya mjini, ambako mtandao ni mzuri zaidi.

Sababu ya sita inatoka nje ya nchi: simu za waya wa shaba zinaondoka. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu ifikapo Januari 2027, na wateja wote wahamie kwenye simu za intaneti. Huku kwetu wengi hatukuwahi kuwa na simu ya waya nyumbani. Tuliruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye simu za mkononi. Lakini ofisi za zamani zenye namba za mezani zinazoanza na 025, ambayo ni namba ya kanda yetu, zinapaswa kujua dunia inaelekea wapi.

Je, inakula bando kiasi gani?

Hapa tufanye hesabu, maana wengi wanaogopa bila kupima.

Kuna njia mbalimbali za kubana sauti. Isiyobanwa sana, yenye sauti safi kama ya simu ya mezani, inatumia takriban MB 1.3 kwa dakika moja ukijumlisha inayokwenda na inayorudi. Iliyobanwa zaidi inatumia kama nusu MB kwa dakika.

Sasa, biashara inayoongea saa mbili kwa siku, yaani dakika 120, kwa siku 26 za kazi katika mwezi:

Kwa sauti safi: dakika 120 mara MB 1.3 ni MB 156 kwa siku. Kwa mwezi ni kama GB 4.

Kwa sauti iliyobanwa: dakika 120 mara nusu MB ni MB 60 kwa siku. Kwa mwezi ni kama GB 1.5.

Kumbe si bando kubwa. Video za kijana mmoja wa dukani zinaweza kula zaidi ya hapo. Lakini usisahau malipo mengine. Kampuni inayokuuzia huduma hutoza ada ya mwezi, mara nyingi kwa kila mtumiaji. Na ukipiga kutoka kwenye mfumo kwenda kwenye namba ya kawaida ya simu ya mkononi, unalipia dakika. Bure ni pale tu pande zote mbili zinapokuwa ndani ya intaneti. Anayekuambia "simu zote bure" mwulize swali hilo mara mbili.

Kingine ni kwamba simu inahitaji mtandao uliotulia kuliko mtandao wenye kasi. Video ikichelewa, inasubiri kidogo kisha inaendelea. Maongezi hayasubiri. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Zikizidi sana, watu wanaanza kukatishana maneno, kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza.

Yanayokwamisha

Umeme ndio wa kwanza. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, kwa hiyo hata taa zikizimika nyumba nzima, simu iliita. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Ruta ikizima, simu imezima. Anayehama lazima awe na betri au sola ndogo ya kuendesha ruta, na aupange mfumo uhamishie simu kwenye namba ya mkononi pindi ofisi inapokosa umeme. Uhamishaji huo hufanyika kwenye seva, hivyo unafanya kazi hata ruta yako ikiwa imezima. Usinunue huduma isiyo na uwezo huo.

Wa pili ni mnara. Mjini Kyela hali si sawa na vijiji vya mwambao chini ya milima ya Livingstone, ambako milima yenyewe inaziba mawimbi. Mwaka 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, na hatua kama hiyo inasaidia maeneo ya pembezoni. Lakini wewe usihame kwa ahadi ya mnara. Hama kwa mnara unaoshika sasa hivi.

Wa tatu ni intaneti yenyewe kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, huduma ya intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, aliyebaki na simu ya intaneti peke yake anakosa wateja wote. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: hata ukihama, bakiza laini moja ya kawaida, na wateja wako wakubwa waijue.

Wa nne ni wizi. Mfumo wenye neno la siri jepesi unaweza kuvamiwa usiku na watu wa mbali, wakapiga simu za nje ya nchi kwa saa nyingi, na bili ikaja kwako. Kama hupigi nje ya Afrika Mashariki na Malawi, omba njia nyingine zote zifungwe. Weka pia kiwango cha juu cha fedha kwa siku.

Wa tano ni dharura. Simu ya intaneti ya namba ya Kyela inaweza kupigwa kutoka popote, hivyo aliyepokea hawezi kujua upo wapi kwa kuangalia namba. Kwa polisi 112 au zimamoto 114, tumia simu ya mkononi ya kawaida, na utaje kijiji na alama ya mahali.

Sheria inasemaje?

Kuitumia simu ya intaneti kwa biashara yako ni halali. Kilichodhibitiwa ni kuuza huduma hiyo. Anayewauzia watu huduma ya simu na kutoa namba lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba kuona leseni.

Kuna mtego mmoja ambao tunapenda wasikilizaji wetu wa mpakani waujue. Mtu anaweza kuja na kisanduku chenye nafasi za laini nyingi, akaomba akiweke dukani kwako na kukulipa kila mwezi, akisema ni "simu za intaneti". Mara nyingi hicho ni kifaa cha kuingiza simu za kimataifa kinyemela ili zionekane za ndani na zikwepe tozo. Watu wamefikishwa Mahakama ya Kisutu kwa makosa ya aina hiyo. Usikubali, wala usimpe mtu alama yako ya kidole asajili laini. Unaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na namba za matapeli zinaripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Jambo la mwisho la kisheria ni kurekodi mazungumzo. Mifumo mingi inaweza kurekodi. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sauti ya mteja ni taarifa yake. Mwambie mapema kwamba simu inarekodiwa, na zitunze rekodi mahali ambapo si kila mfanyakazi anafika.

Nani ahame, nani asubiri?

Kama una duka moja na unapokea simu mwenyewe, subiri. Akaunti ya WhatsApp ya biashara na laini moja iliyosajiliwa kwa jina lako vinakutosha. Akaunti hiyo inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, hivyo msaidizi wako anaweza kujibu ujumbe bila kushika simu yako.

Kama una sehemu mbili au zaidi, watu watatu au zaidi wanaopokea wateja, na intaneti ya uhakika katika sehemu mojawapo, fikiria kuhama. Hapa tunawaona wenye mashine na stoo, AMCOS, vituo vya afya, shule za bweni na nyumba za wageni kubwa.

Ukiamua, anza hivi. Wiki ya kwanza, usinunue chochote. Chukua daftari uandike kila simu inayoingia, isiyopokelewa na dakika mlizopigiana ninyi kwa ninyi. Wiki ya pili, pima intaneti asubuhi, mchana na jioni kwa kupiga simu za WhatsApp kutoka pale pale mfumo utakapokaa. Kama sauti inakatika jioni kwenye WhatsApp, itakatika pia kwenye mfumo. Wiki ya tatu, omba bei kwa kampuni zisizopungua mbili, na uulize: ada ya mwezi ni kiasi gani, dakika ya kupiga nje ni kiasi gani, na nikiondoka namba inabaki kwa nani?

Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Tanzania imeruhusu tangu mwaka 2017 kuhama mtandao mmoja wa simu za mkononi kwenda mwingine bila kubadili namba. Usidhani haki hiyo inafika yenyewe kwenye kila namba ya intaneti. Iandikwe kwenye mkataba. Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kutumiwa na mamilioni ya watu, ilifungwa Mei 2025. Kampuni zinakuja na kuondoka. Namba iliyoandikwa kwenye magunia yako inatakiwa ibaki.

Kisha anza na tawi moja kwa mwezi mmoja, laini ya zamani ikiwa bado hewani. Linganisha daftari la mwanzo na orodha ya mfumo. Kama simu zisizopokelewa zimepungua na gharama haijazidi faida, endelea. La sivyo, rudi ulikotoka. Hutakuwa umepoteza kikubwa.

Kama una swali kuhusu biashara yako, tutumie ujumbe wa maandishi au wa sauti kwa namba yetu ya kipindi, nasi tutalijibu hewani.